Hesabu Vidonge, Usisubiri Dalili

Mtoto wa miaka miwili aliyemeza vidonge vya kuongeza damu vya mama yake hutapika saa chache za mwanzo, huharisha, na pengine choo kikatoka na damu. Halafu hutulia. Kuanzia kama saa ya 6 hadi saa ya 24 anaweza kuamka, kuomba uji na kukimbiza kuku uani, nyumba nzima ikashusha pumzi. Bibi atasema sumu imetoka yote na matapishi. Baba atarudi kazini. Wakati huo madini ya chuma yaliyokwisha kuingia mwilini yanaendelea kuharibu ini na kudhoofisha moyo, na siku ya pili mtoto yuleyule anaweza kurudishwa hospitali mikono na miguu ikiwa ya baridi, presha imeanguka, hamtambui mama yake.

Kipindi hicho cha utulivu kinajulikana sana katika tiba ya sumu. Madaktari wanakifahamu, wazazi wengi hawajaambiwa. Mimi ni mfamasia wa hospitali, na mtoto anapoletwa kwa kumeza dawa, kauli inayorudiwa kuliko zote ni hii: "Lakini mbona anacheza?" Husemwa kwa matumaini, na mzazi ana haki ya kutumaini. Ila kucheza hakupimi chochote. Hatari hupimwa kwa mambo matatu: amemeza dawa gani, kiasi gani kwa uzito wake, na zimepita saa ngapi.

Tuifanye hesabu yenyewe. Kidonge cha FEFO wanachopewa wajawazito kliniki kina takriban miligramu 60 za chuma. Mtoto aliyemeza chini ya miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake kwa kawaida hapati madhara makubwa. Zikifika 60 kwa kilo, maisha yako hatarini. Mtoto wa kilo 10, umri wa mwaka mmoja hivi, hufika huko kwa vidonge 10, na mama huondoka kliniki na vidonge 30 vya mwezi mzima. Mara nyingi ni vyekundu, vinang'aa, vimepakwa sukari kwa nje.

Parasetamoli iko karibu kila nyumba, kwa hiyo watu wameizoea hadi hawaihesabu kuwa dawa. Dozi ya mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kilo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa hospitali unataka mtoto aliyemeza miligramu 150 kwa kilo au zaidi kwa mara moja ahudumiwe kama aliyepata sumu. Chukua chupa ya dawa ya maji ya mililita 60, yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Ndani yake mna miligramu 1,440. Mtoto wa kilo 10 akiimaliza ikiwa imejaa, amefika 144 kwa kilo, mpakani kabisa. Kama chupa ni ya mililita 100, amefika 240. Na kama aliokota vidonge vya wakubwa vya miligramu 500, vitatu vinatosha.

Siku ya kwanza mtoto huyu anaweza asionyeshe lolote zaidi ya kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Ini huanza kuonyesha kuumia siku ya pili au ya tatu. Dawa ya kulinda ini, asetilsisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza kutolewa ndani ya saa 8 tangu kumeza. Ziweke nyakati hizo mbili pamoja: saa 8 za tiba bora, siku 2 za kuonekana kwa dalili. Anayesubiri dalili anakaa nyumbani muda wote ambao tiba ingefaa zaidi. Hili ndilo ninalotaka kila mzazi alijue kabla ya jambo lingine lolote katika safu hii.

Kuna dawa ambazo kidonge kimoja tu ni kingi. Ya kwanza kwenye orodha yangu ni glibenklamidi, dawa ya kisukari ambayo wazee wengi wamekuwa wakiitumia miaka na miaka. Kidonge kimoja cha miligramu 5 kinaweza kushusha sukari ya mtoto mdogo hadi akapata degedege, akazimia, akaumia ubongo. Sukari inaweza kuanza kushuka saa nyingi baadaye, mtoto akiwa amelala usiku, na mama asijue kwamba usingizi ule si wa kawaida. Ndiyo maana mtoto aliyemeza dawa hii hubakizwa hospitali akipimwa sukari mara kwa mara kwa muda usiopungua usiku mmoja, hata kama vipimo vya kwanza ni vizuri.

Zipo pia za presha, hasa nifedipini na amlodipini. Baadhi ya vidonge vya nifedipini vimetengenezwa kutoa dawa polepole, hivyo madhara yake huchelewa vilevile. Amitriptilini, ambayo wengi huandikiwa kwa maumivu ya mishipa na ganzi ya miguu, huvuruga mapigo ya moyo ya mtoto. Klorokwini iliwaua watoto kwa vidonge vichache miaka ile ilipokuwa dawa ya malaria ya kila nyumba. Tanzania iliiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Isoniazidi ya kifua kikuu huleta degedege ambalo halisikii dawa za kawaida, likahitaji vitamini B6 ya sindano. Na mafuta ya kuchua yenye harufu kali, yale ya mgongo na magoti, baadhi yake yana kemikali ya jamii ya aspirini kwa wingi hivi kwamba kijiko kimoja cha chai ni sumu kwa mtoto anayetambaa.

Kwa upande mwingine, mtoto aliyemeza vidonge viwili vya amoksilini huenda akaharisha tu, na vidonge vya uzazi wa mpango, vikiwa havina chuma, kwa kawaida humwachia kichefuchefu. Nayasema haya ili ionekane kwamba si kila tukio ni msiba. Lakini tofauti kati ya tukio dogo na kubwa haionekani kwa kumtazama mtoto. Inaonekana kwenye jina la dawa na hesabu.

Sasa tuingie jikoni, maana huko ndiko wengi wanakokimbilia kwanza. Maziwa hayaui sumu ya dawa. Yanaongeza uwezekano wa kutapika, na mtoto aliyeanza kusinzia akitapika, matapishi huingia kwenye mapafu. Mafuta ya kula ni mabaya zaidi, kwa sababu tone likipita njia ya hewa huleta nimonia ngumu kutibika. Maji ya chumvi yamewahi kuua watoto ambao dawa waliyomeza isingewaua: chumvi ikizidi kwenye damu ya mtoto mdogo, ubongo huumia. Mkaa wa jikoni uliosagwa nao haufanyi kazi ya mkaa maalumu wa hospitali, ambao umetengenezwa kwa namna inayoupa uwezo wa kunasa dawa tumboni.

Na kidole kooni? Hapa nawaelewa wazazi, kwa sababu sisi watu wa afya wenyewe tuliamini kutapisha kwa miongo mingi. Nchini Marekani familia zilishauriwa kuweka nyumbani dawa ya kutapisha iitwayo ipeka, mpaka chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kilipobadili ushauri mwaka 2003 na kutaka isiwekwe tena majumbani. Ilikuwa imeonekana kwamba kutapisha hakutoi dawa yote, hakuna ushahidi kwamba kunaokoa maisha, na kunachelewesha tiba yenye faida. Kama mtoto amekunywa mafuta ya taa au dawa ya kusafishia choo, kutapisha ni hatari maradufu: mafuta ya taa huingia mapafuni, na kemikali kali huunguza koo mara ya pili inapopanda.

Basi ukimkuta mtoto na vidonge, fanya hivi. Toa kilichobaki mdomoni kwa kidole, taratibu, bila kukisukuma ndani. Tazama anavyopumua. Kama hajitambui, mlaze kwa ubavu, usimpe chochote cha kumeza, na safari ya hospitali ianze hapohapo. Kama anapata degedege, mlaze hivyohivyo kwa ubavu na usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni.

Kama yuko macho, una dakika mbili tatu za kazi muhimu, na ni vizuri watu wawili wagawane. Mmoja anamshika mtoto. Mwingine anaokota vidonge vyote sakafuni, chini ya kitanda, kwenye mikunjo ya shuka, na kuvihesabu. Vilikuwa vingapi? Mwenye dawa ameshakunywa vingapi? Vimebaki vingapi? Visivyopatikana vyote vihesabiwe kuwa vimemezwa. Kama watoto walikuwa wawili au watatu, chukulia kwamba kila mmoja huenda alimeza vyote visivyopatikana, na wote waende hospitali. Andika saa. Kama hukuona alipomeza, andika saa ya mwisho uliyomwona bila dawa mkononi.

Beba pakiti, chupa au bahasha yenyewe, hata ikiwa tupu. Beba kadi ya kliniki ya mtoto, kwa sababu ina uzito wake wa karibuni, na uzito ndio utakaotumika kupiga hesabu zote. Usimpe chochote cha kuzuia sumu njiani. Natoa ruhusa moja tu: ukijua kwa hakika kwamba ni dawa ya kisukari, na mtoto yuko macho na anameza vizuri, mnyweshe maji ya sukari, vijiko vinne vya chai katika kikombe cha mililita 200, huku safari ikiendelea. Akichangamka baada ya kunywa, safari haisimami. Sukari hiyo itaisha, dawa bado ipo.

Ukifika kituo cha kwanza, hata kama ni zahanati ndogo, sema mapokezi kwamba mtoto amemeza dawa, kabla ya kukaa kwenye benchi. Foleni ya homa na kikohozi si ya mtoto huyu. Zahanati inaweza isiwe na mkaa wala asetilsisteini, lakini inaweza kuwa na kipimo cha sukari, inaweza kumpima hali yake na kupiga simu hospitali ya juu ili mkifika mkute wanajua.

Kuna jambo gumu ambalo kwa uzoefu wangu hula muda kuliko msongamano wa barabarani. Ni kuficha. Mtoto analetwa, familia inasema alikula "vidonge vyeupe vya bibi", na baada ya saa nzima ya maswali inajulikana kwamba ni dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi za shangazi ambaye hakuna mwingine nyumbani anayejua hali yake. Au ni dawa za nguvu za kiume. Au za ugonjwa wa akili, ambazo baba amekuwa akinywa kwa siri ili majirani wasijue. Mara nyingine anayeficha ni dada wa kazi, naye anaficha kwa woga: anajua akisema mtoto alimeza saa tatu asubuhi wakati yeye yuko bombani, atafukuzwa jioni. Akisema saa sita mchana, daktari anakosea hesabu kwa saa tatu.

Ombi langu kwa wazazi ni kwamba siku ya tukio isiwe siku ya kutafuta mkosaji. Mwambie dada, mbele ya watu, kwamba hatafukuzwa kwa kusema kweli, na ulitimize. Shangazi naye anaweza kumvuta nesi pembeni. Hatuna haja ya kujua kwa nini unakunywa dawa hiyo. Tunahitaji jina lake, na siri yako inabaki kwetu. Nasi wa hospitali tuna deni hapa. Mama anayepokelewa kwa "ulikuwa wapi wewe?" hatasimulia vizuri. Kumfokea mzazi mlangoni ni kujinyima taarifa tunazozihitaji kumwokoa mwanawe.

Ndani, familia nyingi huomba mtoto "aoshwe tumbo". Zamani tulifanya hivyo kwa wengi. Siku hizi mpira wa kuosha tumbo hautumiki ovyo, kwa kuwa faida yake ni ndogo baada ya saa ya kwanza na unaweza kupeleka maji na matapishi kwenye mapafu. Mkaa maalumu hutolewa kwa dawa zinazonaswa nao, gramu 1 kwa kilo, na hufaa hasa ndani ya saa moja tangu kumeza. Chuma haunasi kabisa. Kwa chuma tunategemea dripu, kuosha utumbo kwa maji maalumu katika hali fulani, na sindano ya deferoksamini pale sumu ikiwa kali.

Kwa watoto wengi, tiba yenyewe ni kulazwa na kutazamwa. Familia hulalamika: "Tumekaa usiku kucha, hawakumfanyia chochote." Wamemfanyia. Sukari imepimwa kila baada ya muda, mapigo yamehesabiwa, kupumua kumeangaliwa, damu imechukuliwa saa 4 baada ya kumeza parasetamoli pale ambapo maabara ina uwezo, kwani kabla ya hapo kipimo hicho hakitafsiriki. Kumtoa mtoto wodini alfajiri kwa kuwa amelala vizuri ni kosa lilelile la kusubiri dalili, limehamia tu hospitali.

Nirudi kwenye hesabu, maana yote niliyosema yanasimama juu ya jina la dawa. Na jina ndilo linalokosekana. Katika maduka mengi ya dawa, na hata kwenye madirisha ya hospitali, vidonge huhesabiwa kutoka kopo kubwa na kutiwa kwenye bahasha ndogo au kifuko cha nailoni. Juu yake huandikwa 1×3, au 2×2, kwa kalamu inayofutika. Hakuna jina, hakuna miligramu, hakuna idadi. Kidonge cheupe cha duara kinaweza kuwa parasetamoli, kinaweza kuwa cha kisukari, kinaweza kuwa cha kifafa. Mimi mwenye taaluma siwezi kukitambua kwa macho kila mara, na mtoto yuko mbele yangu.

Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 uliwafunza wauzaji kuandika maelezo ya dawa ipasavyo, na wako wanaofanya hivyo kwa uaminifu. Wengine wameacha. Mteja anaweza kuwarudisha kwenye mstari kwa kusema, "Niandikie jina la dawa, nguvu yake na idadi." Muuzaji asiyeweza kuandika maneno hayo hapaswi kukuuzia.

Nchi nyingine zilipunguza vifo vya watoto wanaomeza dawa kwa kubadili vifungashio, na hazikutegemea uangalifu wa wazazi peke yake. Daktari wa watoto Henri Breault wa Windsor, Canada, alichoshwa na watoto waliofikishwa kwake wakiwa wamemeza aspirini, akahimiza kutengenezwa kwa kifuniko kinachobonyezwa kwanza ndipo kizungushwe. Kilipatikana mwaka 1967. Marekani ilipitisha sheria ya vifungashio hivyo mwaka 1970. Na mwaka 1997, baada ya vidonge vya chuma kuongoza kwa kuua watoto wadogo wa nchi hiyo kwa sumu, mamlaka yake ya dawa iliamuru vidonge vyenye miligramu 30 za chuma au zaidi vifungwe kimoja kimoja. Mtoto akipasua vitatu vinne huchoka au hukutwa. Vifo hivyo vilishuka sana.

Kwetu, onyo la "weka mbali na watoto" limeandikwa kwa ajili ya nyumba yenye kabati. Familia inayoishi chumba kimoja cha kupanga, kitanda, meza na ndoo za maji, iweke wapi dawa zake? Bibi huzifunga kwenye pindo la khanga, na mjukuu huyafungua mafundo hayo akiwa mapajani mwake. Mama huziweka kwenye mkoba, na mkoba huwekwa sakafuni. Ninachoshauri ni kopo gumu lenye mfuniko wa kuzungusha, ndani ya mfuko ulioning'inizwa kwenye msumari juu ya kimo cha mtu mzima, mbali na kiti au ndoo ya kupandia. Mgeni akija na dawa zake, aambiwe azitie humo usiku wa kwanza. Na mtoto asiambiwe kamwe kwamba dawa ni pipi ili akubali kuinywa.

Kinachobaki ni simu. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2023 zinaonyesha kwamba chini ya nusu ya nchi wanachama wake zina kituo cha sumu, mahali pa kupiga na kujibiwa na mtaalamu. Chicago ilifungua chake mwaka 1953. Hapa Tanzania jukumu la kuratibu matukio ya sumu liko kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na msingi huo ni mzuri. Mama aliye Nachingwea saa nane usiku, mkononi ana bahasha na mtoto anayecheka, anahitaji mtu wa kumuuliza maswali matatu tu: dawa gani, vingapi, kilo ngapi. Kwa majibu hayo mtaalamu atamwambia mmoja alale salama kwa kuwa ni amoksilini, na atamwambia mwingine aamshe bodaboda sasa hivi. Namba ya simu ya mtaalamu huyo ichapwe kwenye kadi ya kliniki ya kila mtoto, ukurasa wa mbele, kando ya mahali panapoandikwa uzito.